Kwaya Nzima, Mgeni Mmoja

Juma lile nilikuwa kwenye chumba cha intaneti pale mtaani Himbi, na bila kidole changu hesabu isingefika arobaini.

Volkano ilikuwa imetulia. Mama mmoja muuza fromage, yaani jibini, alikuwa hajapata habari za dada yake tangu siku ile tulipokimbia wote, kila mutu na njia yake. Papa mwenye chumba akamtengenezea ukurasa wa intaneti wa kumtafuta, wenye picha ya dada. Mama naye akaleta kwaya yetu yote ya kanisa, tuufungue mmoja mmoja kwenye mashine ile ile ili uonekane una wageni wengi, kama watu wanaojaza viti vya harusi. Mimi, kwa moyo wangu mkubwa, nilifungua mara nane.

"Papa, wageni ni wangapi?"

"Ukurasa umefunguliwa mara arobaini, mama. Wageni ni wawili."

"Wawili! Na hii kwaya yote?"

"Mumetumia mashine moja. Kwa hesabu yake, nyinyi wote ni mutu moja."

Waimbaji wakanuna. Mimi wa sauti ya pili, kuchanganywa na wale wa sauti ya kwanza!

Lakini mama alimkamata papa mkono. "Basi ule wa pili ni nani?"

Papa akashusha ukurasa mpaka chini. Mutu alikuwa ameandika kutoka Bukavu: "Niko muzima. Lakini mbona umeweka picha yenye nimefumba macho?"

Mama akapiga vigelegele mpaka mlinzi wa mlangoni akaingia. "Ni yeye! Ni yeye kabisa! Nani mwengine anaweza kulalamika hivi?"

Wanaojisifu kwa maelfu ya wasomaji, mimi sasa nawauliza tu: mashine ngapi?