Meli Niliyodhani Imetulia

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, kwenye mlango wa mto Thames, nilipojibu neno moja juu ya jambo nisilolijua.

Juzi, ulipoona habari za meli mbili zilizogongana, uliniuliza kwa Kiingereza chako cha Ilford: bahari yote ile, ami, zinakosaje nafasi ya kupishana? Nilicheka tu. Jibu lake ninalo, na ni zito.

Ujanani sikutulia. Shule niliiacha darasa la sita, nikazurura bandari hadi bandari nikiuliza kila kitu, hata majina ya ndege. Nikapata kazi kwenye meli ndogo ya kuleta mchanga London. Usukani aliushika Mzee Haji, Mtumbatu mwenye ulimi mkali na moyo laini. Kreni ilimziba asione upande wa kulia, basi akanisimamisha omo, mbele kabisa, niwe macho yake.

Nikaona meli kulia kwetu, mbali. Nikatazama tena: iko palepale.

"Bwana Maswali! Unaona nini?"

"Meli, mzee. Imetulia tu."

"Imetia nanga?"

Sikujua. Lakini mimi niliyeuliza kila kitu nchi kavu, pale niliona haya. Nikasema, "Ndiyo, mzee."

Ilipokuwa kubwa ghafla machoni pangu, hatukuwahi kukwepa. Hakufa mtu, Alhamdulillahi. Tangi letu la mafuta lilipasuka, na maji yalikuwa yanajaa, yakiusukuma ule weusi pwani, kwenye chaza wa mama mmoja aliyeishi kwa kuwafuga. Maji yakimwagika hayazoleki. Mafuta ndiyo kabisa.

Mzee Haji hakunipiga. "Meli inayokupita utaiona inasogea," alisema. "Ile inayokuja kukugonga ndiyo huonekana imetulia. Ungesema hujui, ningekuja kutazama mwenyewe."

Tulikwenda kusaidia kuzoa, tope magotini. Nikamwambia yule mama kwamba aliyekosea ni mimi. Heri angenitukana. Alinipa shakwe, ndege wa baharini, aliyeloa mafuta, manyoya yamegandamana, moyo unamdunda kiganjani mwangu.

"Basi mshike vizuri," akasema, "asiumie zaidi."

Tulimwosha kwa sabuni ya vyombo hadi weupe ukarudi. Chaza hawakuosheka. Msimu ule yule mama hakuuza hata mmoja.

Mwanangu, kuuliza si ujinga. Ujinga ni ile "ndiyo" ya kuficha aibu. Aibu yangu ingekwisha kabla ya chai. Badala yake waliibeba ndege, chaza na mama asiyenijua. Ukiulizwa usilolijua, iwe kazini au nyumbani, sema "sijui" mapema, kungali na nafasi ya kugeuza usukani. Na jambo likikaa mbele yako kimya, halisogei, usilipe mgongo. Litazame tena.

Mola akupe macho ya kuona, ulimi usioona haya, na mikono ya upole kwa kile utakachokuwa umekiumiza. Amin.