Bampa na Yule wa Nyuma

Bampa alikuwa dereva. Sisemi alikuwa anaendesha gari, maana hata shangazi yangu anaendesha gari, na kuku wa mtaa mzima wanalijua hilo. Nasema dereva: mtu wa lori lenye tela, anayelirudisha kinyumenyume kwenye uchochoro ambao wewe na baiskeli yako mngeita watu wawasaidie. Ukisikia kuna dereva anayemzidi Bampa, uliza vizuri, huenda wananisema mimi.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa ng'ambo siku nyingi akiendesha malori ya kampuni moja. Akamtafutia kazi hukohuko. Bampa akaaga, akaondoka. Tajiri wake wa zamani hakungoja hata vumbi litulie. Lori akampa mtu mwingine. Kwa hiyo nyumbani hapakuwa na usukani wa kurudia. Kilichobaki ni kufaulu mtihani wa barabarani wa kampuni. Akishindwa mara tatu, anapandishwa ndege.

"Mtihani wa kuendesha?" Bampa alicheka mpaka akashika mbavu. "Mimi?"

Sasa sikiliza. Kwao Bampa, madereva wa malori huongea kwa indiketa. Gari dogo likiwa nyuma yako halioni kitu, wewe umelizibia dunia nzima. Basi unalisaidia. Unawasha taa ya upande wa pembeni: pita ndugu yangu, kweupe. Unawasha ya upande wa katikati: tulia hapohapo, kuna jitu linakuja. Akishapita anakupigia honi ya asante. Asiyefanya hivyo huitwa mchoyo, na hotelini hakuna anayemsogezea kiti.

Siku ya kwanza mkaguzi, mama mmoja mwembamba asiyepoteza neno, alikaa kando yake. Shemeji akakaa nyuma kutafsiri. Wakashika barabara ndefu. Gari dogo likawa nyuma, mbele kukawa kweupe. Bampa, kwa roho safi kabisa, akawasha taa ya pembeni.

"Unaingia wapi?" mama akauliza.

"Siingii popote."

"Mbona umewasha taa?"

"Namwambia huyo wa nyuma apite."

Mama akageuka, akatazama nyuma. "Unamjua?"

"Simjui."

"Sasa mnaongea nini?"

Shemeji alipomaliza kutafsiri hilo alijifunika uso kwa kofia. Bampa akashindwa.

Mara ya pili ndiyo ilikuwa aibu. Aliona lori linakuja, akawasha taa ya katikati kumzuia wa nyuma. Kule taa hiyo maana yake ni moja tu: nakata kona. Wa nyuma akasimama, na wa nyuma yake akasimama, foleni nzima ikamngoja Bampa akate kona aingie ukutani. Hapakuwa na kitu kingine upande ule, ukuta mtupu.

"Wewe una matatizo gani?" Shemeji alifoka walipofika chumbani, chumba cha vitanda viwili na jiko moja la umeme. "Nimekudhamini mimi! Nimesema huyu ni fundi!"

"Ni fundi. Wao ndio hawana adabu."

"Hawatafuti adabu, wanatafuta dereva!"

Akamkalisha mezani. Sahani ikawa usukani, kijiko kikawa indiketa.

"Haya. Gari nyuma!"

Kijiko kikaruka.

"Weka chini! Tena. Gari nyuma!"

Kijiko kikaruka tena. Bampa mwenyewe akautazama mkono wake kama mtu anayemtazama mtoto aliyemtia aibu mbele ya wageni.

"Shemeji, huu mkono siuagizi mimi."

"Basi uagize! Au ukaseme hayo uwanja wa ndege!"

Mara ya tatu alishika usukani kwa mikono yote miwili, vidole vimekaza mpaka vimekwajuka. Gari dogo likaja nyuma. Likachungulia, likarudi. Likachungulia, likarudi. Mbele kweupe peee, ungeweza kupitisha harusi. Bampa akatokwa jasho. Akaanza kunong'ona, "Nisamehe, ndugu yangu. Nisamehe tu."

"Anasema nini?" mama akauliza.

"Anaimba," Shemeji akajibu haraka.

Wakarudi kituoni. Mama akashuka, akamkabidhi Bampa funguo za lori, akasema maneno mawili na kwenda zake.

"Amesemaje?"

"Amesema wewe ni dereva mtulivu."

"Mtulivu!" Bampa akapiga tairi teke. "Nimeona mtu ana shida nikanyamaza kama gunia, ndiyo nimekuwa mtulivu?"

Akampigia simu mkewe.

"Vipi, baba? Umefaulu?"

"Nimefaulu."

"Mbona sauti ya msibani?"

"Mama watoto, njia nzima kuna mtu nyuma yangu, sikumwambia kitu. Hata pita. Sijui ananionaje."

"Hakuoni kitu, ameona tela!" Mkewe akaangua kicheko. "Wewe umeenda kuendesha au kutembelea watu? Hebu kata simu ukafanye kazi."

Bampa akakata, akapanda lori. Alipotoka getini kulikuwa na gari dogo nyuma yake. Akalitazama kwenye kioo, akasonya, akaiacha indiketa, akaongeza gia.