Mpiga Tarumbeta Nyuma ya Kamba

Kwa miaka thelathini na moja hakuna aliyekufa upande wetu wa Gulele bila Shiferaw kumtangaza. Alfajiri, kabla majiko hayajawashwa, alipita vichochoroni na tarumbeta yake ya bati, shuka lake zito la gabi limemfunika mpaka masikioni, akapuliza mara tatu kisha akataja: fulani, mke wa fulani, amefariki, mazishi saa sita, kanisa fulani. Idiri, chama chetu cha mazishi, haiendi kwa redio wala kwa simu. Tarumbeta isipolia, hata kama maiti umeiona kwa macho yako, unakaa kwako. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo, naye alijua, lakini ukimwita mpuliza bati alikununia mwezi mzima.

Huyu ndiye aliyekuwa kaka yake Askale, yule mwimbaji. Ukibisha, ulizia mtaani kwetu. Mama yake Askale alifariki mtoto akiwa na miaka mitatu, na Mama Bogalech, mama mzazi wa Shiferaw, akajipaka asali kwenye titi mbele ya padri na wazee wawili, mtoto akanyonya. Kwetu hapo mambo yamekwisha, huyo ni mwanao. Walilala shuka moja, wakachapwa fimbo moja. Askale akisugua masufuria alikuwa akiimba, na Shiferaw alimwambia anyamaze, atachachusha unga wa watu.

Hakunyamaza, na jiji zima likamsikia. Akapanda jukwaani, kanda zake zikauzwa kila pembe, akahamia Bole kwenye nyumba yenye geti. Lakini alipokuja kwetu alipitia mlango wa uani, akavua viatu na kumtania kaka yake: "Kaka, bado unaua watu asubuhi asubuhi?" Shiferaw alijifanya amekasirika. Hakuna utani alioupenda kama huo.

Kilichomkera kweli ni kitabu. Bwana mmoja alikuja kuandika habari za watu mashuhuri wa Addis Ababa, akanywa kahawa kwa Shiferaw mpaka mzunguko wa tatu, akaandika kila kitu, asali, padri, wazee wawili. Kitabu kilipotoka, Askale alipewa kurasa nne na picha. Mama Bogalech alipewa maneno manne: alilelewa na jirani mmoja. Jirani! Tangu siku hiyo Shiferaw alizunguka na kitabu kile mfukoni kama mtu mwenye jino bovu asiyeacha kuligusa kwa ulimi. Alikufungulia ukurasa, akakuwekea kidole kwenye mstari, akakasirika upya kana kwamba ndiyo kwanza anausoma.

Jumanne moja redio ikatangaza kwamba Askale amefariki. Shiferaw alitwaa tarumbeta yake papo hapo, lakini langoni alimkuta Emama Zenebech, mwenyekiti wa idiri, mama mfupi anayepishwa na kila mtu njiani kwa sababu yeye mwenyewe hapishi.

"Lete hiyo," akasema. "Mfiwa hapigi tarumbeta."

"Nimewapigia walevi, nimewapigia wasengenyaji. Dada yangu ndiyo nisimpigie?"

"Ndiyo maana. Nenda ukakae kwako, watu waje."

Akaitoa tarumbeta kama anayetolewa kiungo. Ilimuuma, na papo hapo ilimfariji, maana angalau idiri ilikuwa imemwita mfiwa. Lakini kukaa hakukaa. Alijiambia kwamba kama yeye ni mfiwa, mahali pake ni ubavuni mwa jeneza, na wakubwa wote wa jiji wamwone pale. Alhamisi, siku ya mazishi, akaondoka kabla ya mapambazuko, hakumuaga mtu, akaenda kanisani kwa miguu.

Kamati ya mazishi ilikuwa imefunga kamba kuanzia lango hadi ngazi. Penye mwanya alisimama bwana mwenye miwani na orodha mkononi. Shiferaw akataja jina lake, bwana akapitisha kalamu kutoka juu mpaka chini, halikuwemo.

"Wewe ni nani wa marehemu?"

"Kaka yake."

"Wa baba au wa mama?"

"Wa kunyonya."

Bwana akamwambia, kwa upole unaoudhi kuliko tusi, kwamba yeye ana safu ya familia, safu ya wasanii na safu ya viongozi, na kunyonya hakuna safu. Shiferaw akaanza kupekua mifuko yake. Na hapo, katika kutafuta ushahidi wowote, akafanya jambo ambalo hakujisamehe kamwe: akatoa kitabu. Akakifungua ukurasa ule ule, akamwambia asome mwenyewe kama Askale hakulelewa nyumbani kwao.

Bwana akasoma. "Hapa wameandika jirani," akasema. "Majirani ni kule, mzee, nyuma ya kamba."

Alisimama nyuma ya kamba mpaka bendi ya polisi ikapita, mpaka jeneza likapita, mpaka watu ambao hawakumjua Askale hata alivyopenda kahawa yake wakapita wakijifuta macho na leso nyeupe. Akatafuta sura moja ya mtaani kwetu katika umati ule, hata moja hakuona. Miaka thelathini na moja amewatoa hawa watu vitandani waende kuzika, na kwa dada yake hawakuja. Njia nzima ya kurudi alikuwa akiyapanga maneno atakayowaambia, na mengine siwezi kuyaandika.

Alipokata kona akaona hema la idiri limesimikwa mlangoni kwake. Mabenchi yamejaa, masufuria ya nafaka ya kuchemsha yanafuka mvuke, akina mama wamekaa na nguo zao za msiba. Emama Zenebech akainuka kabla Shiferaw hajafungua kinywa.

"Ulikuwa wapi? Tumelia tangu asubuhi bila mfiwa. Umetuaibisha."

Maneno yote aliyoyapanga yakamtoka kichwani. Akauliza nani alipiga tarumbeta.

"Mimi. Tazama mdomo ulivyovimba."

"Ulisemaje?"

"Nilisema ilivyo. Askale, binti wa Bogalech, dada yake Shiferaw mpiga tarumbeta, amefariki. Msiba uko kwa kaka yake."

"Hukusema mwimbaji?"

"Nilisahau," akasema Emama Zenebech.

Shiferaw akavua viatu. Akaketi kwenye mkeka, mahali walipomwachia tangu alfajiri, akajifunika gabi kichwani, na wale akina mama waliokwisha kulia mpaka sauti zimewakauka ikawabidi waanze upya.