Acha Ufunguo wa Gari Pekee

Kwenye geti la gereji yangu pale Burumba, mjini Busia, kuna maandishi niliyoyachora mwenyewe kwa rangi nyekundu: ACHA UFUNGUO WA GARI PEKEE. Niliyachora baada ya mteja mmoja kuniachia funguo zake zote, na wiki hiyo hiyo akaibiwa godoro nyumbani kwake. Alikuja akaniangalia kwa jicho ambalo sijalisahau. Godoro lilikutwa kwa shemeji yake, lakini mimi nilikuwa nimeshanunua rangi. Tangu hapo mtu akileta gari, hata awe na haraka ya namna gani, husimama getini akahangaika na kucha zake mpaka autoe ufunguo mmoja kwenye pete. Ule ananipa mimi, zingine anarudisha mfukoni. Niliupenda sana utaratibu huo, na nilidhani umenitoa kwenye matatizo yote ya funguo duniani.

Kazi yangu ni magari ya zamani. Vipuri vyake vinazidi kuadimika upande wetu, lakini ukivuka mpaka kuingia Uganda magari yenyewe bado yako mengi barabarani, na mengine yamekatwakatwa yamelala kwenye mabanda yakisubiri watu kama mimi. Huvuka asubuhi kwa miguu na kikapu, nikarudi na pampu au koili imefungwa kwa gazeti. Namna yangu ya kutafuta ugonjwa wa gari ni kubadilisha. Unatoa kifaa unachokishuku, unaweka kizima, unaendesha. Shida ikiisha, umempata mwizi wako. Ikibaki, unahamia kwa kinachofuata. Mafundi wenye mashine za kupimia hunicheka kwa ushamba huu. Nami huwacheka umeme ukipotea.

Mzee mmoja wa mtaa wa Marachi alinijia na gari la familia lenye umri wa kupata kitambulisho. Alikuwa mtu mwembamba, mzee wa kanisa, amefunga vifungo vyote vya shati mpaka shingoni. Mkewe alikuwa amefariki miaka michache kabla. Alisimama getini, akasoma maandishi yangu kwa sauti, akautoa ufunguo wa gari, akanipa.

"Fundi, hii gari inazima," alisema. "Inazima yenyewe nikiwa kwa njia. Nikipiga tena, inawaka."

"Inazima ukiwa wapi, mzee?"

"Popote. Juzi imezima mbele ya trela, njia ya kwenda Malaba. Bibi ya kijana yangu alikuwa ndani na mtoto." Akavua kofia. "Sasa kijana yangu anasema si gari. Ati ni mimi nalala kwa usukani. Amesema fundi akikosa shida, mimi niache kuendesha, nimpe ufunguo."

Hivyo nilijua tangu siku ya kwanza kilichokuwa mezani. Nikikuta ubovu, mzee anabaki na gari lake. Nisipoukuta, ananyang'anywa, tena kwa ushahidi wangu.

"Na ikizima," aliongeza, "hata redio inanyamaza. Nasikiliza matangazo ya vifo, mara kimya. Sijui hata nani amekufa."

Nilicheka. Nilidhani ni maneno ya mzee anayependa mazungumzo, nikafungua boneti.

Nilianza na plagi, nikaenda kwenye koili, kisha kifuniko cha distributa. Niliendesha mwenyewe mpaka Adungosi na kurudi, na gari halikukohoa hata mara moja. Mzee akalichukua, akaurudisha ufunguo kwenye pete yake, akaondoka ameridhika. Siku ya nne alirudi. Lilikuwa limezima mara mbili, moja kati ya hizo karibu kabisa na soko, na watu walimsaidia kusukuma kabla hajakumbuka kupiga stata. Nikabadilisha filta na pampu ya mafuta. Nikaendesha kufuata msururu wa malori mpaka Malaba, nikarudi, na gari likaenda vizuri tu. Mzee akalichukua tena, na baada ya siku chache akalirudisha tena.

Niseme ukweli, nilianza kukasirika. Mimi si mvumilivu. Gari linaloficha ugonjwa wake naliona kama mtu anayenidharau, na hasira ile, nisipoangalia, humwangukia mwenye gari. Mara ya tatu nilimwambia mzee akae kwenye usukani, mimi nikae pembeni, twende Malaba pamoja nione anavyoendesha. Aliendesha kwa utulivu, akiinama mbele kidogo kama mtu anayesoma maandishi madogo. Aliwapisha wenye baiskeli wote. Hakusinzia. Na gari halikuzima. Tuliporudi Burumba aliniangalia akitumaini nitasema kitu, nami nikajifanya nafuta mikono. Nikamwambia aliache gari siku moja zaidi.

Kesho yake mwanawe alifika. Ni mtu wa makaratasi ya forodha pale Busia, shati safi, simu mbili. Nilitaka kumchukia ikanishinda. Alipokuwa akinieleza habari ya lile trela, namna mkewe alivyofika nyumbani hawezi hata kushika kikombe, simu zote mbili zililia na hakuzitazama.

"Boss, niambie tu ukweli," alisema. "Hiyo gari ina shida ama haina?"

Ningeweza kusema sijui. Fundi wa magari hapa kwetu huwa hasemi sijui, maana mteja atavuka barabara aende kwa jirani. Basi nikasema, "Gari ni zima, boss. Nimebadilisha kila kitu. Sijapata kitu."

Alishukuru kama mtu aliyepewa majibu mabaya hospitalini. Halafu akanyoosha mkono, nami nikampa ufunguo. Ulikuwa peke yake, mwepesi, tayari umeshatolewa kwenye shada la baba yake. Hakuhitaji hata kumwomba.

Mzee alikuja jioni hiyo. Alitazama pale gari lilipokuwa limeegeshwa, akatazama mafuta yaliyodondoka chini, akanitazama mimi.

"Umempa?"

"Ndiyo, mzee. Gari haina shida."

"Kwa hivyo ni mimi," alisema. Hakusema kwa hasira. Alivaa kofia yake, akatafuta bodaboda, akaondoka.

Hapa kwetu fundi akibadilisha kifaa hurudisha kile cha zamani, ili mteja aone kwa macho yake kwamba kweli kimetolewa. Vifaa vya mzee vilikaa kwenye gunia nyuma ya mlango wangu kwa wiki tatu. Kila nilipovipita nilijisikia vibaya bila kujua sababu. Jumamosi moja nikalifunga gunia kwenye pikipiki, nikaenda Marachi.

Nilimkuta uani na mama mmoja mwenye mitungi miwili ya maji. Mama alikuwa anamsubiri amfungulie pampu ya kisima, maana ufunguo wa pampu unakaa kwa mzee. Mzee aliingiza mkono kwenye koti, akatoa shada la funguo. Sijawahi kuona shada kama lile kwa mtu asiye askari jela. Alilishika kwa mkono wote. Kulikuwa na funguo za kufuli kubwa na ndogo, za shaba na za chuma, na zilipogongana nilizisikia kutoka nilipokuwa nimesimama.

Alimfungulia mama pampu, akarudi akanikaribisha chai. Nilimuuliza kwa utani kama yeye ndiye mwenye Marachi yote.

"Huu ni wa kanisa," alisema, akipitisha mmoja baada ya mwingine kidoleni. "Huu ni wa stoo ya viti na hema, ya chama cha mazishi. Huu ni wa pampu. Huu ni wa kabati ya mama yao." Huo wa kabati aliushika kidogo zaidi. "Na hapa ndiyo ya gari ilikuwa inakaa."

Alinionyesha nafasi kwenye pete. Kikombe changu kilikuwa kinywani. Nikakishusha.

"Mzee, ukiendesha, hizi zote zinaning'inia hapo kwa ufunguo wa gari?"

"Kwani zitaning'inia wapi?"

"Na ukija kwangu?"

"Kwako natoa. Si umeandika kwa geti?"

Ndipo nikakumbuka redio. Ile swichi unayoingiza ufunguo ndiyo inayogawa umeme wa gari, kwa injini na kwa redio pia. Koili ikifa, redio inaendelea kuimba. Pampu ikifa, redio inaendelea kuimba. Lakini swichi ikichakaa kwa ndani, na shada zito likaivuta wakati gari linaruka shimoni, vyote vinakatika kwa pamoja, na ukipiga tena vinarudi kana kwamba hapakuwa na neno. Kila nilipolijaribu gari, nililijaribu na ufunguo mmoja mwepesi. Hata mzee mwenyewe alipoendesha nikiwa pembeni, alikuwa na ufunguo ule ule mmoja. Ugonjwa ulikuwa unashukia getini kwangu na kunisubiri nje, kwa amri yangu mwenyewe. Na mzee alikuwa ameniambia kila kitu siku ya kwanza, kabla sijafungua boneti.

Niliona aibu, aibu ya kweli, ile ya kukufanya utazame viatu vyako. Nilikuwa nimejisifu miaka mingi kwamba nina sikio la injini, na mtu alipozungumza nami kwa lugha yangu nikamcheka. Watu wa Marachi walikuwa wamemkabidhi mzee huyu kanisa lao, maji yao na viti vya misiba yao. Mimi sikumwamini hata kwa maneno mawili kuhusu redio.

Nikampigia mwanawe simu pale pale, nikamwomba aje na gari. Alikuja kesho yake baada ya ibada, amekunja uso. Nilimwambia nilikosea, na kwamba sitaki aniamini tena kwa mdomo. Nikachukua ufunguo wa gari, nikaurudisha kwenye shada la baba yake, nikamwambia aendeshe yeye mwenyewe. Mimi nikakaa pembeni yake. Mzee akakaa nyuma, kofia magotini.

Barabara ya kutoka kwake mpaka kwenye lami ni ya murram, na mvua ilikuwa imeichimba. Redio ilikuwa inasoma matangazo. Shimo la kwanza tulilipita, la pili tukalipita, na mwanawe akanitupia jicho. Tukapita kanisa. Kwenye daraja dogo la mfereji gari liliruka, shada likapiga dashibodi, na kila kitu kikanyamaza. Injini kimya, redio kimya. Tulikuwa tunateremka kwa uzito wa gari tu, tunasikia kokoto zikisagwa na magurudumu, na mwanawe amekanyaga breki kwa miguu yote miwili.

Sauti ya mzee ikatoka nyuma, taratibu kabisa.

"Usilale, kijana yangu."

Mwanawe aliweka paji la uso juu ya usukani. Nilidhani anacheka, kisha nikaona hacheki. "Nisamehe, baba," alisema akiwa ameinama hivyo hivyo. Mzee alimgusa bega mara moja tu, akamwambia apige stata, watu wa nyuma wanataka kupita.

Swichi niliipata upande wa pili wa mpaka, kwenye gari lililobaki mbavu tu. Ilikuja na ufunguo wake. Niliifunga bila malipo, na sikubali mtu aniite mkarimu kwa hilo. Nilimsihi mzee ufunguo huo ukae peke yake, naye akaufunga kwa kamba ya kiatu. Yale maandishi ya getini sikuyafuta, lakini sasa mteja akiniambia gari lake linazima, namwambia arudi na shada lake lote, akae kwenye usukani yeye mwenyewe, azungumze, mimi ninyamaze.

Mzee aliendesha mwaka mmoja na miezi kadhaa. Halikuzima tena. Nilikuwa namwona akienda sokoni, ameinama mbele, na tulipigiana honi.

Mwezi uliopita alisimama mbele ya geti langu. Alishuka, akaja mpaka nilipokuwa nimelala chini ya pikapu ya watu, akasubiri nitoke. Akaniwekea ufunguo kiganjani, na kamba yake ya kiatu.

"Imezima tena, mzee?"

"Gari ni zima," alisema. "Macho ndiyo imekataa. Jana nimepita yule mama wa maji karibu nimguse. Sikumwona, fundi. Nimesikia tu mtungi ikianguka."

Nilimwambia kuna daktari wa macho, nikamwambia labda ni miwani. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, jambo ambalo mimi sikumfanyia yeye.

"Nitaenda kwa daktari," alisema. "Lakini leo pigia kijana yangu akuje achukue gari. Mwambie hakuna mtu ameninyang'anya. Mwambie ni mimi nimesema."

Akavaa kofia, akaenda kwenye steji ya bodaboda. Shada lilikuwa limeuvuta mfuko wa koti lake upande mmoja. Nilingoja mpaka pikipiki ikageuka kona, kisha nikapiga simu, na mwanawe alipopokea nikamwambia yote kama nilivyoagizwa, neno kwa neno.