403 na Matoke ya Mama wa Kocholia

Laptopu yangu ni ya kustaafu. Nikifungua zile programu kubwa za kujaribia API, zenye madirisha na vitufe vya kila rangi, feni inaunguruma kama mashine ya kusaga mahindi na kila kitu kinaganda. Kwa hiyo nimezoea curl: skrini nyeusi, mstari mmoja wa amri, jibu linarudi. Haili memori, haili bando. Wenzangu wa Nairobi hunicheka. Mimi nilijivunia, na majivuno yangu yalitosha kuharibu lori zima la matoke.

API, kwa asiyejua, ni mlango ambao programu moja hubisha kwa nyingine. Ofisi yetu ya Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, huwashughulikia wafanyabiashara karatasi za kuvusha mizigo, nami nilikuwa nimeandika programu ya kubisha kwenye seva ya vibali vya mazao. Niliijaribu nikiwa kwa dada yangu, kule kijijini Sigalame, ikajibu vizuri kila mara. Nikarudi Malaba kifua mbele.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mama mmoja kutoka Kocholia, anayenunua matoke Uganda na kuyapeleka Eldoret. Miaka yote karatasi zake zilishughulikiwa na mzee mwenye meza ng'ambo ya barabara, yeye na kalamu yake na karatasi za kaboni. Mimi ndiye niliyemwambia aachane na huyo mzee. Nilimwambia dakika tano tu.

Lori likaingia yadi ya ofisi asubuhi, matoke yakiwa mabichi, kijani kibichi. Nikaandika amri, nikabonyeza. 403. Maana ya namba hiyo ni kwamba mlango umekusikia lakini hautaki kukufungulia.

Nikabadilisha ufunguo wa kuingilia. 403. Nikaandika amri yote upya, herufi kwa herufi. 403. Nikazima laptopu, nikaiwasha, nikaisemesha maneno ambayo mama yangu hajui kama nayajua. 403. Kilichonichoma zaidi ni kwamba Sigalame ilifanya kazi, amri ileile, laptopu ileile, intaneti ya simu ileile.

Alasiri yule mama akaja akasimama mlangoni. Aliangalia simu yangu pale mezani, ndiyo iliyokuwa ikiipa laptopu intaneti.

"Boss, hiyo simu iko na laini mbili?"

Nani Malaba hana laini mbili? Ya Kenya na ya Uganda, ndivyo tunavyoishi.

"Toa hiyo ya Uganda. Hapa kwa yadi simu inakimbilia network ya Uganda. Mimi nikitaka kitu ya Kenya, natoa kwanza."

"Mama, hii si mambo ya laini. Hii ni mambo ya kompyuta."

"Haya. Basi nirudie mzee?"

"Nipe saa moja."

Saa moja ikawa siku. Kesho yake akauliza tena kama amrudie mzee, nami nikamwambia tena saa moja, safari hii kwa sauti ya kukasirika, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akinikatalia. Jua la yadi lilikuwa kali na turubai la lori ni jeusi. Hakuniuliza tena. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu na gurudumu, na nikitazama dirishani namwona.

Siku ya tatu niliamua kuwaandikia wenye seva barua pepe ya kuwakanya. Ili niwaonyeshe ujinga wao, nilitaka kunakili jibu lao lote. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba jibu lote sikuwahi kuliona. Kwa kupenda wepesi, nilikuwa nimeiamuru curl iyatupe maneno yote na iniletee namba peke yake. Nikafuta kipande hicho cha amri, nikabonyeza. Chini ya 403 kulikuwa na sentensi moja, imeandikwa wazi kabisa: ombi limekataliwa kwa sababu linatoka nje ya Kenya.

Nilichomoa laini ya Uganda kwa pini. Kibali kikatoka kabla sijaiweka pini mezani.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilitoka na karatasi ile mkononi nikimwita mama tangu mlangoni, kama mtu aliyeleta habari njema. Alikuwa amefunua upande wa turubai. Mikungu ya juu ilikuwa imeshaiva, manjano tupu, na harufu yake tamu imejaa yadi nzima. Eldoret wanataka matoke ya kupika.

"Ilikuwa laini," nikamwambia. Nilidhani angalau nikiri.

"Nilikuambia, boss."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Alikata kichane kimoja, akanipa, akasema nikule kwa sababu hizo hazifiki Eldoret tena. Nilimenya moja nikala mbele yake, maana sikujua la kufanya na mikono yangu. Ilikuwa tamu sana.

Siku hizi laini ya Uganda inakaa kwenye droo, na curl naiacha iseme yote iliyo nayo. Vibali vinatoka kwa dakika mbili. Yule mama bado anavusha matoke hapa. Akipita dirishani kwangu hunisalimia vizuri, "Habari ya kazi, boss," kisha anavuka barabara kwenda kwa mzee.