Tarehe Aliyokataa Kuiandika

Taarifa ilinifikia Jumanne asubuhi nikinunua mkaa mtaa wa Ng'ambo. Daktari wa mifugo aliyetuhudumia kwa miaka mingi hapa Tabora amefariki huko Lusu, alikohamia kulima baada ya kustaafu. Aliyenipigia simu akataja na kilichomuua: kichaa cha mbwa. Nilimwomba arudie, nikidhani mtandao unakatakata. Mtu aliyechanja mbwa wa kata karibu zote za mji huu amekufa kwa ugonjwa uleule aliotukinga nao! Nilirudi nyumbani bila mkaa. Na ninyi mnaonisoma siku nyingi mnajua kwa nini sikuweza kukaa kimya, maana marehemu niliwahi kumsema vibaya humuhumu kwenye safu hii.

Jirani yangu wakati huo alikuwa muuguzi mgeni kutoka Ulaya, mama aliyekaa kwenye zahanati ya misheni mpaka Kiswahili chake kikapata lafudhi ya Kinyamwezi. Alikuwa na mbwa jike aliyeitwa Tatu. Katika safu hii sitaji majina ya watu, lakini mbwa hajanikataza. Mkataba wa mama yule ulipokaribia kwisha alitaka kuondoka na Tatu, na ndipo tulipogundua kwamba mbwa akisafiri nje hudaiwa karatasi nyingi kuliko binadamu. Awekwe kwanza chipu chini ya ngozi ya shingo, yenye namba yake. Baada ya chipu, chanjo ya kichaa. Zipite siku thelathini, damu itolewe, ipelekwe maabara ya nje. Majibu yakiwa mazuri, ihesabiwe miezi mitatu tangu siku ya kutoa damu. Mwishoni kabisa, safari ikiwa imekaribia, ndipo daktari atoe cheti cha afya. Mama yule aliyaandika yote kwenye kalenda ya jikoni, na kila likikamilika alilikata kwa kalamu nyekundu huku akimsimulia Tatu.

Tulikosea mwanzoni kabisa, na aliyekosea ni mimi. Chipu ilikuwa bado haijafika kutoka Dar es Salaam pale ilipotangazwa siku ya chanjo ya bure kwenye uwanja wa shule. Kwetu chanjo ikitangazwa mtu haulizi, anawahi foleni, maana haijulikani itarudi lini. Nikamfunga Tatu kamba ya katani, nikampeleka, nikarudi kifua mbele kama mtu aliyesaidia. Chipu ilikuja kwa basi wiki mbili baadaye, ikawekwa na mtaalamu aliyepita kukagua ng'ombe wa misheni. Yaliyobaki yakaenda kama kalenda ilivyosema. Zikiwa zimebaki siku kumi mama asafiri, tulimpelekea daktari wetu faili zima atuandikie cheti cha afya. Alisoma karatasi moja moja, akazipanga upya mezani, akavua miwani.

"Chanjo imetangulia chipu," alisema. "Huko anakokwenda hii haihesabiki. Siku alipochanjwa hakuwa na namba, kwa hiyo hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba aliyechanjwa ni huyu."

"Kaka, mimi mwenyewe ndiye niliyemshika ulipomchanja," nikamwambia. "Sogeza tarehe mbele wiki tatu tu, yaishe."

"Nisogeze nikaandike siku ambayo nilikuwa Igunga na sikuchanja hata paka?"

"Huko Ulaya nani atajua?"

"Sasa kama hawawezi kujua, wanategemea nini? Si hiki cheti?" Alimgeukia mama, akabadili sauti. "Mama, pole sana. Naweza kumchanja upya sasa hivi, tuanze kuhesabu. Huyu mwandishi abaki naye, ataniletea nimtoe damu, mimi mwenyewe nitahangaika mpaka akufikie."

Akamchanja palepale. Mama aliondoka peke yake, akilia bila kujificha, na Tatu akabaki kwangu. Nanyi sasa niwaambie jambo ambalo sikuliandika wakati ule. Siku thelathini zilipotimia sikumpeleka kutolewa damu. Nilikuwa nimekasirika, nikajiambia siendi kumpigia magoti mtu yule. Tatu alikuwa akishinda kwenye geti la zahanati, jioni nikimkokota kurudi, na kabla ya masika aliacha kula akafa. Nikakaa nikaandika safu kali kuhusu mtaalamu mmoja niliyemwita Bwana Tarehe. Nikasema nchi hii inahitaji watumishi wenye huruma, watu wanaojua kulegeza. Mlinipongeza sana. Yeye alinikuta stendi wiki ile, akanisalimia vizuri, akasema, "Nimeisoma. Una Kiswahili kizuri." Tangu hapo hatukuwahi kulizungumza tena.

Nilikwenda Lusu kumzika. Baada ya misa, mjane wake alinikalisha karibu naye kwenye mkeka akanieleza ilivyokuwa.

"Shemeji, mbwa wa mfugaji jirani ndiye aliyemng'ata, hapa mguuni. Nikamwambia twende hospitali. Akaomba kwanza kadi ya mbwa, wakamletea. Akavaa miwani akaisoma, akasema, 'Amechanjwa miezi mitatu iliyopita, kadi imesainiwa na kugongwa muhuri.' Akaosha kidonda kwa sabuni, akarudi shambani. Kesho yake jirani akahamisha ng'ombe wake, na mbwa akawafuata. Wiki ya sita nikampa maji anywe dawa ya kichwa. Akayaogopa, akayasukuma, akaanza kutetemeka, akaniangalia. Alijua, shemeji. Alijua kabla yetu sisi wote."

Mfugaji alipopata habari alikuja mwenyewe akasema ukweli. Mbwa hakuwahi kuchomwa sindano. Kijijini kwao palikuwa na amri kwamba mbwa asiye na kadi auawe, na siku ya kuchanja dawa iliisha foleni ikiwa bado ndefu. Ofisa aliyekuwapo aliwaonea huruma waliobaki, akawajazia kadi. Hakuomba hata kikombe cha maji. Alikuwa mtumishi mwenye huruma, anayejua kulegeza, kama nilivyomwagiza mimi.

Najua daktari wa mifugo hakupaswa kuridhika na kadi. Aliyeng'atwa angekuwa mtu mwingine, angemfokea. Lakini miaka yote ile hakuandika tarehe ya uongo hata moja, na nadhani hakuweza tena kuona uongo pale penye muhuri. Alisoma karatasi ya mwenzake kama alivyotaka ya kwake isomwe. Mji huu ulikuzwa na misafara, na mababu zetu walisifika kwa kubeba mzigo usio wao, miezi kwa miezi, mpaka pwani, ukafika umefungwa kama ulivyofungwa. Aliyeupokea hakumjua mpagazi wala hakuiona njia. Cheti nacho ni mzigo wa namna hiyo, na marehemu aliufikisha mzima, huku mimi nikimcheka. Naona aibu, na sina wa kumwomba radhi isipokuwa mjane wake, ambaye alinikatisha akaniambia nile kwanza.

Wiki iliyopita nilimpeleka mbwa wangu wa sasa kuchanjwa. Kusema kweli nilikuwa nimepitiliza mwaka mzima. Ofisa ni binti mwenye adabu. Alinipa shikamoo kabla sijafika mezani, akamchanja mbwa kwa mkono mwepesi, akafungua kadi. Akatabasamu.

"Mzee, mwaka jana hapa pako wazi. Nikujazie napo, usije ukasumbuliwa?"

Nilitazama ile nafasi tupu kwenye kadi.

"Paache wazi, mwanangu," nikamwambia. "Andika ya leo."