Robot Iko Nyekundu

Kuandika katuni si kuchora, na nimechoka kuwaeleza hilo watu wa mtaani kwetu, Overport. Mimi naandika: picha hii ina nani, amesimama wapi, anasema nini. Mchoraji wangu yuko Uingereza, mhariri naye huko huko, na wasomaji ni watoto wa huko. Kazi hii naiweza, sioni haya kusema.

Hadithi yangu ya majaribio ilimhusu mama anayesukuma mkokoteni wa kabichi pale sokoni Warwick, hapa Durban, kama mama yangu mzazi. Wakiipenda, wangenipa mfululizo mzima. Kwenye picha ya mwisho ya ukurasa wa kwanza niliandika kwa Kiingereza changu cha Durban: mama anangoja, robot iko nyekundu.

Hapa kwetu robot ni taa ya barabarani. Kumbe Uingereza siyo! Mchoraji alichora lijitu la chuma, jekundu toka utosini hadi unyayoni, limesimama njia panda mbele ya mama na kabichi zake. Nilipiga ukelele hadi jirani akagonga ukuta.

Mhariri akapiga simu, furaha tele. "Robot lako zuri mno! Ijumaa nitumie ukurasa wa pili. Litamfanya nini yule mama?"

Ningekiri, ningeonekana sijui kazi. "Subiri uone," nikamjibu. Jeuri hiyo! Siku tatu nikaandika na kufuta. Robot lilipomsaidia mama, ikawa mahubiri. Lilipompiga, nikakasirika mwenyewe. Alhamisi ikafika sina hata neno, na mfululizo nauona unaniponyoka.

Nikamwonyesha mama yangu ile picha. Alikuwa anasonga bugali, yaani ugali kwa Kiswahili cha kwao alikozaliwa.

"Uyu njo mimi? Iko nafanya nini apa?"

"Unangoja robot, mama."

Akasonya. "Mutoto yangu, mi nilingojaka robot siku gani? Magari njo inaningojaka."

Eish. Miaka yote nimemwona akiikatiza barabara ile, mkono juu, madereva wa taksi wakimtukana huku wakifunga breki. Nilikuwa nimemwandika mwanamke mwingine kabisa, na kosa hilo hakulifanya Mwingereza yeyote. Niliona aibu.

Nikaandika pale pale jikoni. Picha ya kwanza: mama anainua mkono. Ya pili: lijitu linarudi nyuma. Mama anasema, "Toka, kabichi inanyauka."

Mhariri alinipa mfululizo, ila akaniomba nimpunguzie mama ukali kidogo. Nikakataa.